Moto wa Jikoni katika Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe ni wilaya jirani za Mkoa wa Tanga, lakini hazikujaliwa nishati kwa namna moja. Korogwe inapitiwa na Mto Pangani, ambao maporomoko yake ya upande wa Hale yamekuwa yakizalisha umeme tangu enzi ya ukoloni. Handeni, iliyo kusini mwa mto huo, ni nchi ya vilima vikavu, miombo na migunga, na kwa miongo mingi imekuwa ikipeleka mkaa mijini. Historia ya namna kaya za wilaya hizi zilivyopika, zilivyopata mwanga na zilivyojenga inafundisha jambo moja kubwa: watu hutunza nishati pale wanapokuwa na kauli juu ya chanzo chake na uwezo wa kupata chombo cha kuitumia vizuri.

Jiko la asili la Wazigua, Wasambaa na Wabondei lilikuwa mafiga matatu yaliyopangwa ndani ya nyumba au kwenye kibanda cha kupikia. Moto huo mmoja ulibeba kazi nyingi. Ulipika ugali na kunde, uliwapa wazee mahali pa kuota moto wakati wa baridi, na usiku ulikuwa taa. Moshi wake ulipanda darini, ukakausha mahindi ya mbegu na kuwafukuza fukusi, kisha ukapenya kwenye nyasi za paa na kupunguza wadudu walioziharibu. Kuni zilikuwa matawi makavu yaliyookotwa porini, na mti mbichi haukukatwa bila sababu. Hata hivyo, mafiga yalikuwa na hasara zake. Sehemu kubwa ya joto ilipotea pembeni mwa chungu, na moshi uliohifadhi mahindi uliwaumiza macho na mapafu wanawake na watoto waliokaa karibu nao kila siku.

Matumizi ya pori yaliongozwa na miiko. Katika nchi ya Wazigua palikuwa na misitu midogo iliyotengwa kwa matambiko, makaburi ya wakubwa wa ukoo na shughuli za jando na unyago. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliorodhesha mamia ya misitu ya namna hiyo katika Handeni. Kukata mti humo kulikuwa kosa mbele ya wazee na mizimu pia. Kwa njia hiyo vyanzo vya maji na vivuli vikubwa vilibaki hata pale mashamba yalipopanuka. Ulinzi huo ulitegemea mamlaka ya wazee wa ukoo, na mamlaka hayo yalipodhoofika, misitu mingi nayo ilipungua.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche kutoka Florida, Marekani, ikapandwa karibu na mji wa Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na pembezoni mwake mashamba yakaenea Hale, Mnyuzi, Ngombezi, Magunga na Mazinde. Pori lilifyekwa kwa maelfu ya hekta. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, manamba, waliwekwa kwenye kambi na kupewa posho ya unga na maharage. Maharage huchemka kwa saa nyingi, na kambi yenye mamia ya watu ilihitaji kuni nyingi kila siku mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha kuondolewa. Wengine walichoma milingoti mikavu ya mkonge uliokwisha kuchanua, ile ile iliyotumika pia kujengea. Ni huko kambini ambako kuni zilianza kuwa tatizo la kila siku mapema kuliko vijijini.

Umeme nao ulikuja kwa ajili ya uzalishaji kabla ya kufikiriwa kwa ajili ya jiko. Kituo cha kwanza cha Maporomoko ya Pangani kilijengwa miaka ya 1930, na umeme wake ukaenda Tanga mjini na kwenye mitambo ya kusindika mkonge. Mwaka 1964 kilifunguliwa kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21, na katikati ya miaka ya 1990 kikaanza kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Nyaya zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikuunganishwa. Chini yake kaya ziliendelea kuwasha vibatari vya mafuta ya taa, na zilizojiweza zilitumia chemli. Kibatari kilitoa mwanga hafifu na masizi mengi, tena mafuta yake yalinunuliwa kidogo kidogo dukani, hivyo kaya maskini ililipia mwanga kwa bei ghali kuliko mkazi wa mjini mwenye swichi ukutani.

Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilibadilisha umbali wa kuni. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na pori lake karibu, zilikusanywa mahali pamoja ili zipate shule, zahanati na maji. Huduma zilisogea, lakini pori la karibu lililemewa na wakataji wengi kwa wakati mmoja, na mwendo wa wanawake na wasichana kwenda kuni ukarefuka. Kampeni za nyumba bora nazo zilihimiza kuta imara. Nyumba ya fito na udongo, iliyoezekwa nyasi, ilikuwa na ubaridi mchana. Tofali la kuchoma na bati vilidumu zaidi, lakini kila tanuri la tofali lilikula kuni nyingi, na chini ya bati lisilo na dari joto la mchana likawa kali.

Wakati huo huo Dar es Salaam ilikuwa ikikua, na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera ilipita ndani ya Handeni, kwenye vituo kama Mkata na Kabuku. Magunia ya mkaa yakapangwa kando ya lami. Tanuri la kienyeji hupangwa magogo, likafunikwa nyasi na udongo, kisha likachomwa polepole kwa siku kadhaa. Kwa kawaida kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni. Aliyepika kwa mkaa mjini hakuuona msitu ulioungua, na aliyeuchoma alipata sehemu ndogo tu ya bei ya mwisho. Lakini katika wilaya inayokumbwa na ukame mara kwa mara, gunia la mkaa lilikuwa kinga ya familia pale mahindi yalipokauka shambani. Kwa sababu hiyo marufuku ya mkaa iliyotangazwa na serikali mwanzoni mwa mwaka 2006 haikudumu zaidi ya wiki chache. Njia yenye mizizi zaidi ilikuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zilivipa vijiji haki ya kutenga na kusimamia misitu yao.

Upande wa jiko, tangu miaka ya 1980 serikali na mashirika yalieneza majiko banifu. Kwa kuni, jiko hilo hufinyangwa kwa udongo ili lizunguke chungu na kuzuia joto lisipotee. Kwa mkaa, huwa la bati lenye kikombe cha udongo ndani. Yote mawili hupunguza kuni au mkaa bila kubadilisha chakula wala sufuria. Huko Hale, kampuni ya Katani ilianzisha miaka ya 2000 mtambo wa biogesi unaotumia masalia ya mkonge. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na masalia yaliyobaki kwa miaka mingi yalimwagwa tu. Mtambo huo ulionyesha kwamba taka za shamba zinaweza kuzalisha umeme.

Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na kwa miradi yake nyaya zilianza kushuka vijijini. Mahali zilipochelewa, taa ndogo za sola zilichukua nafasi ya kibatari. Hata hivyo umeme ulishinda kwenye mwanga na simu kabla ya kuingia jikoni: sehemu kubwa ya Watanzania bado hupika kwa kuni au mkaa. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi, zikiwemo shule, zimeagizwa kuacha kuni na mkaa.

Kwa sasa kaya nyingi huchanganya. Mtungi mdogo wa gesi huchemsha chai ya asubuhi, mkaa au kuni hupika maharage, na sola au umeme huwasha taa. Mchanganyiko huo una busara yake, kwa kuwa kila nishati hutumika pale inapogharimu kidogo. Maharage yakilowekwa usiku kucha, sufuria ikifunikwa, au chakula kikipikwa kwenye jiko la presha la umeme, matumizi hushuka katika nishati yoyote ile. Kinachobaki ni bei ya kujaza mtungi, uhakika wa umeme, na kipato mbadala kwa anayeishi kwa tanuri la mkaa. Hayo matatu yakipatiwa ufumbuzi, mwendo wa kwenda kuni utapungua na miti ya Handeni itabaki imesimama.