Ski mjini Eldoret

Ski ni mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao nyembamba zinazofungwa miguuni. Eldoret, mji ulio karibu na Ikweta kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, haujawahi kuwa na kilima cha mchezo huo. Hata hivyo, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi alizaliwa hapa.

Philip Kimely Boit, mzaliwa wa tarehe 12 Desemba 1971, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata shaba katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kampuni ya Nike ilitaka kujua kama pumzi ya mkimbiaji wa Bonde la Ufa ingefaa kwenye ski ya masafa, ikamfadhili yeye na mwenzake Henry Bitok kufanya mazoezi Finland. Huko, mwaka 1996, ndiko Boit alikoiona theluji kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili baadaye alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, katika kilomita 10. Alimaliza wa 92, nyuma ya wote waliofika, dakika 20 baada ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la bingwa huyo. Watu hukumbuka kumbatio hilo na kusahau kwamba Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006, na safari zote mbili hakuburura mkia.

Nyumbani alijinoa barabarani kwa ski za magurudumu, akijisukuma kwa fimbo mbili. Lami hujenga mabega na pumzi, lakini haimfundishi mtu kukata kona kwenye mteremko wa barafu wala kuchagua nta ya kupaka ski kulingana na baridi ya siku.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Kijana wa Eldoret huanza mbio kwenye barabara ya vumbi bila kulipa chochote; vivyo hivyo kwa ski katika miji midogo ya Finland, ambako njia za ski zenye taa huwa za manispaa na kwa kawaida ni za bure. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi lakini alijifunzia ski Austria, alikokulia. Lakini mtoto wa Eldoret anayeutaka mchezo huu hana budi kutafuta mfadhili na tiketi ya ndege kabla hajakanyaga theluji.