Neno "Carbon" katika Kiingereza: Asili Yake na Maana Zake

Mwalimu asomaye magazeti ya Kiingereza hukutana mara nyingi na neno "carbon", na mara nyingi humshinda kulifasiri. Kamusi humwambia kwamba maana yake ni kaboni, yaani moja ya zile elementi za asili ambazo vitu vyote vimeumbwa kwazo. Lakini akiirudia sentensi aliyokuwa akiisoma, huona kwamba maana hiyo haikai. Basi twapenda kueleza kwa ufupi neno hili lilikotoka, na jinsi lilivyopata maana nyingi katika usemi wa kila siku. Kwa kuwa siku hizi kosa katika kulifasiri laweza kuwatia watu hasara ya mali.

Asili ya neno ni Kilatini. Warumi waliliita kaa "carbo", likiwaka au likiwa limezimika. Katika tafsiri ya Kilatini ya Waraka kwa Warumi, mlango wa 12, yatajwapo makaa ya moto juu ya kichwa cha adui, neno ni lilo hilo. Waingereza hawakulihitaji, maana walikuwa na neno lao la tangu kale, "coal", walilolitumia kwa makaa ya miti, na baadaye zaidi kwa makaa ya mawe. Ndiyo sababu Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia "coals" mahali hapo. Neno "carbon" lilikuwa halijazaliwa.

Lilizaliwa Ufaransa. Mwaka 1787 wataalamu wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa mjini Paris kitabu cha majina mapya ya elimu ya kemia. Kifaransa kilikuwa na neno "charbon", yaani makaa. Lakini wataalamu hao walitambua ya kuwa makaa si kitu kimoja safi: yakisha kuungua huacha majivu, nayo majivu si makaa. Kile kiunguacho na kugeuka hewa wakakipa jina la peke yake, "carbone". Kitabu cha Lavoisier cha mwaka 1789 kilifasiriwa kwa Kiingereza na Robert Kerr, kikapigwa chapa Edinburgh mwaka 1790, na kwa vitabu vya namna hiyo neno likaenea kwa Waingereza. Mwaka 1797 Smithson Tennant alichoma almasi, akaonyesha kwamba hata hiyo ni kaboni tupu. Twaona basi kwamba neno hili liliundwa ili kutenga: makaa ni jambo moja, kaboni ni jambo jingine.

Kwa muda mrefu lilikaa kwa wataalamu. Lililolitoa nje ni kazi ya ofisini. Mwaka 1806 Ralph Wedgwood alipewa hati ya uvumbuzi wa karatasi iliyopakwa wino, ambayo ikiwekwa kati ya karatasi mbili hutoa nakala ya maandishi. Zilipoanza kuuzwa taipureta huko Marekani mwaka 1874, karatasi ya kaboni ikawa kitu cha lazima katika kila ofisi. Hapo sarufi ya neno nayo ikageuka. Kaboni ya wataalamu haihesabiki, kama vile maji yasivyohesabika. Lakini karani akiambiwa "keep a carbon", huambiwa aweke nakala moja, na "two carbons" ni nakala mbili. Zile herufi "cc" zilizoandikwa chini ya barua ili kuonyesha ni nani mwingine amepelekewa nakala, zingali zimo katika barua pepe hata leo, ingawa barua hiyo haina karatasi wala wino.

Kutoka ofisini neno likafika nyumbani. Mwingereza husema ya kuwa mtoto ni "a carbon copy" ya baba yake, nasi husema wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Yafaa kuangalia hapa kwamba nakala ya kaboni ilikuwa hafifu kuliko ya asili, tena yenye kuchafua vidole. Lakini katika usemi imekuwa mfano wa kufanana kusiko na tofauti. Mwenye kufasiri asitafute kaboni yoyote katika sentensi ya namna hiyo, wala makaa.

Hatupendi kukawia juu ya matumizi mengine, kama "carbon dating", ambayo ni njia ya kupima umri wa mifupa na miti ya kale, aliyoivumbua Willard Libby na wenzake huko Chicago, nayo ikatangazwa mwaka 1949. Hapo kaboni ni kaboni kweli, na maana haimpotezi mtu.

Maana impotezayo ni ile iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 20. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 315 hivi zilikuwa hewa ukaa. Katika miaka ya 2020 zimepita 420. Jambo hili lilipoingia katika mikutano ya mataifa, kama ule wa Kyoto wa mwaka 1997, waandishi walichoka kutaja jina refu, "carbon dioxide", wakalifupisha. Hata wenye kamusi za Oxford wakachagua "carbon neutral" kuwa neno la mwaka 2006 huko Marekani, na "carbon footprint" kuwa neno la mwaka 2007 huko Uingereza. Siku hizi "to cut carbon" si kukata wala kupunguza kaboni yenyewe, bali ni kupunguza hewa itokayo katika kuunguza vitu. Nyumba ya mbao yaweza kuitwa "zero-carbon", na hali karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni! Basi lile neno lililoundwa ili kutenga, katika vinywa vya watu limerudi kuchanganya.

Hapa ndipo ilipo hatari. Tani ya kaboni na tani ya hewa ukaa si kipimo kimoja. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12; ikiungana na atomu mbili za oksijeni, zenye uzito wa 16 kila moja, jumla yapata 44. Kwa hiyo tani 3,000 za kaboni zilizo katika miti ni sawa na tani 11,000 za hewa ukaa. Vyeti viuzwavyo kwa jina la "carbon credits" huhesabiwa kwa tani za hewa ukaa, ingawa jina lake lataja kaboni peke yake. Biashara hiyo imefika pwani yetu: huko Gazi, katika Kwale, wanakijiji hulinda mikoko na kuuza vyeti hivyo kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Mahali popote ambapo mkataba wa namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa Kiswahili, mfasiri asiyetenga maana hizi mbili aweza kuwapunguzia wenye miti zaidi ya theluthi mbili za haki yao, wala hakuna atakayeona.

Kiswahili chatupa msaada. Katika neno makaa tumeondoa kiambishi "ma-" tukaweka "u-", tukapata ukaa, jinsi Wafaransa walivyopata "carbone" kutoka "charbon". Basi yafaa tuseme nakala, iwapo ni nakala; kaboni, iwapo ni elementi; na hewa ukaa, iwapo ni hewa. Na kila palipoandikwa tani, tuulize ni tani za nini kabla mtu hajatia sahihi yake. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.