Adui Aliye Ndani ya Seli: Parasite Eve, kutoka Riwaya hadi Mchezo wa Video

Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu au mchezo wa video, wahakiki huanza kwa kuuliza kipi kimebaki na kipi kimeachwa. Kwa Parasite Eve swali hilo halitufikishi mbali. Mchezo huo, ambao kampuni ya Square iliutoa kwa ajili ya PlayStation mwezi Machi 1998, hausimulii upya riwaya ya Hideaki Sena ya mwaka 1995. Unaanzia pale riwaya ilipoishia, katika nchi nyingine na kwa wahusika wengine. Ninachodai ni kwamba mchezo uliiacha Japani hofu iliyoizaa riwaya, ukazua nyingine, na hofu hiyo mpya imo zaidi katika kanuni za uchezaji kuliko katika hadithi.

Sena aliandika riwaya yake akiwa bado anasomea famasia katika ngazi ya juu Chuo Kikuu cha Tohoku, na maabara anaielezea kama mtu anayeshinda humo. Toshiaki Nagashima, mtafiti wa mitokondria, anampoteza mkewe Kiyomi: ajali ya gari imeua ubongo wake, moyo bado unadunda. Figo lake linapandikizwa kwa msichana aitwaye Mariko. Mume, asiyekubali kuachana naye, anachukua seli za ini lake na kuziotesha maabara. Seli hizo zinaanza kuwa na nia yao wenyewe.

Msomaji wa Kijapani wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linatisha. Mwaka 1968 daktari Juro Wada alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo nchini humo, mjini Sapporo. Mgonjwa akafariki baada ya miezi michache, na Wada akashutumiwa kuwa alimwua aliyetolewa moyo. Hakushtakiwa, ila shaka ilibaki kwa karibu miaka 30. Sheria iliyoruhusu kutoa viungo kwa mtu aliyekufa ubongo ilipitishwa mwaka 1997, baada ya riwaya kutoka. Sena basi aliandika wakati taifa likibishana kama mtu wa aina hiyo ni maiti au ni mgonjwa. Zimwi lake ni ubishi huo uliopewa mwili.

Sayansi aliyoitumia nayo ilikuwa ya kweli, walau mwanzoni. Mitokondria, zinazoipatia seli nishati, zina DNA yao, na binadamu huirithi kwa mama. Lynn Margulis alitetea tangu mwaka 1967 kwamba asili yao ni bakteria walioingia katika seli nyingine wakabaki humo. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichunguza DNA hiyo kwa watu 147 wa sehemu mbalimbali za dunia, wakahitimisha kuwa mistari yote inakutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yakamwita Hawa, yaani Eve. Hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Ni kwamba uzao wake wa kike haukukatika. Riwaya na mchezo vinamgeuza kuwa kiumbe chenye kinyongo, jambo lisilo na msingi kisayansi ingawa msanii anaruhusiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Sena alikisogeza kutoka nguoni hadi ndani ya seli.

Mchezo, ulioongozwa na Takashi Tokita, unafunguka Carnegie Hall, New York, mkesha wa Krismasi 1997. Mwimbaji wa opera, Melissa, anapaza sauti, na watu ukumbini wanaanza kuwaka moto bila kuguswa. Polisi kijana Aya Brea anabaki mzima. Baadaye tunaambiwa kwamba Aya na Melissa wote walipandikizwa viungo vya dada yake Aya aliyefariki: mmoja konea ya jicho, mwingine figo. Habari hii inapitishwa haraka, kama taarifa ya polisi. Ubishi uliowakosesha Wajapani usingizi umekuwa kisingizio tu cha hadithi, na hapo mchezo ni dhaifu kuliko riwaya, tena kwa mbali.

Kanuni zake ndizo zinazouokoa. Michezo ya kutisha hutegemea uhaba: risasi chache, nguvu kidogo, milango mingi. Michezo ya uhusika, ambayo Square walibobea humo, hutegemea ongezeko. Kila adui anayeuawa humwongezea mhusika uwezo. Mambo hayo mawili hayapatani, kwani anayezidi kupata nguvu haogopi kitu. Parasite Eve inayapatanisha kwa kulifanya ongezeko lenyewe kuwa la kutiliwa shaka. Katika pambano mchezaji anakimbia kukwepa mashambulizi huku mstari wa muda ukijaa. Ukijaa, kila kitu kinasimama, duara la shabaha linatandazwa kumzunguka Aya, naye anachagua: apige risasi, au atumie nguvu za mitokondria zake kujiponya na kuwaumiza maadui. Nguvu hizo zinatoka mahali palepale zinapotoka za Eve, Hawa yule mwenye kinyongo. Kila ngazi anayopanda inamfanya afanane zaidi na anayemwinda, na anayebonyeza kitufe ni wewe. Msomaji wa Sena anamtazama Toshiaki akikosea; mchezaji ananufaika na kosa hilo na kulifurahia.

Ushahidi kwamba kanuni ndizo zilizobeba hofu hiyo ni Parasite Eve II ya mwaka 1999, iliyohamia jangwa la Nevada na kufuata kwa karibu mtindo wa mchezo wa kutisha wa Resident Evil. Risasi humo zina thamani zaidi, vichochoro ni vyembamba zaidi, na nguvu za Aya zimebaki kuwa silaha kama silaha nyingine. Inashtua kuliko ya kwanza, lakini haina tena la kusema kuhusu mwili.