FAHAMU MIONZI YA TERAHETZI: VIFAA VINAVYOIGUNDUA NA NAFASI YAKE KATIKA UPIMAJI WA KAHAWA, UDONGO NA AFYA

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mapato ya mkulima wa kahawa hutegemea vipimo ambavyo yeye mwenyewe havioni kwa macho: unyevu wa punje, uchachu wa udongo na kiasi cha virutubisho shambani. Kahawa ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 14, ikikaushwa hadi asilimia 11, hubaki na uzito wa kilo 96.6. Kwa hiyo kosa la pointi tatu katika kipimo cha unyevu ni sawa na zaidi ya kilo tatu katika kila kilo 100, na kosa hilo humwangukia muuzaji au mnunuzi.

Kwa sababu hiyo, wananchi wana haki ya kuelewa teknolojia mpya za upimaji zinazotangazwa duniani, ikiwemo ile inayotumia mionzi ya terahetzi. Makala haya yanaeleza mionzi hiyo ni nini, inagunduliwaje, inatumikaje katika spektroskopia, na ina nafasi gani katika mazingira ya Kilimanjaro.

Mionzi ya terahetzi ni nini

Mionzi ya terahetzi ni sehemu ya mawimbi ya sumakuumeme, familia moja na mawimbi ya redio, mwanga na eksirei. Terahetzi 1 ni mitetemo trilioni 1 kwa sekunde. Kwa kawaida eneo hili huhesabiwa kuanzia terahetzi 0.1 hadi 10, yaani mawimbi yenye urefu wa kati ya milimita 3 na milimita 0.03. Upande mmja limepakana na mikrowevu, na upande wa pili limepakana na infraredi.

Kila kitu chenye joto, ukiwemo mwili wa binadamu, hutoa kiasi kidogo cha mionzi hii. Fotoni ya terahetzi 1 hubeba nishati ya takriban elektronivolti 0.004, ilhali kung'oa elektroni kutoka katika molekuli nyingi huhitaji elektronivolti kadhaa hadi zaidi ya 10. Ndiyo maana mionzi hii huwekwa katika kundi la mionzi isiyoayonisha, tofauti na eksirei na mionzi ya gama. Athari yake kuu, ikiwa na nguvu kubwa, ni kupasha joto.

Kwa nini ilichelewa kugunduliwa

Nishati hiyo ndogo ndiyo iliyowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Katika joto la kawaida la chumba, mitetemo ya joto ndani ya kifaa chenyewe huwa na nishati kubwa kuliko fotoni inayotafutwa, hivyo ishara humezwa na kelele. Historia ya uvumbuzi katika eneo hili ni historia ya kuishinda kelele hiyo.

Mwaka 1800, William Herschel, akiwa Uingereza, aliweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita katika mche wa kioo, akabaini mionzi ya infraredi. Karibu na mwaka 1880, Samuel Langley wa Marekani alitengeneza bolomita, kifaa chenye ukanda mwembamba wa metali ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika unapopashwa joto na mionzi. Bolomita za kisasa za terahetzi hupozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ili kelele ya joto itulie. Mwaka 1947, Marcel Golay alibuni kifaa chenye chumba kidogo cha gesi: mionzi hupasha gesi, gesi hutanuka na kusukuma utando mwembamba, na mwendo wa utando huo husomwa kwa mwanga.

Njia ya pili haikutegemea joto. Katika miaka ya 1890, Jagadish Chandra Bose, akiwa Kolkata nchini India, alizalisha na kupokea mawimbi yenye urefu wa milimita chache, jirani kabisa na eneo la terahetzi. Kipokezi chake kilichotumia galena, madini ya risasi, kilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1904.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1980, pale David Auston na wenzake katika maabara za Bell nchini Marekani walipotumia mipigo mifupi sana ya leza. Leza ikipiga kipande cha nusukipitishi, huachia chaji za umeme kwa muda mfupi mno. Wimbi la terahetzi likifika wakati huohuo, husukuma chaji hizo na kuzalisha mkondo mdogo unaopimika. Kwa kubadilisha kidogo kidogo wakati wa kufika kwa leza, wataalamu huchora umbo zima la wimbi, tena bila kupoza kifaa.

Matumizi katika spektroskopia

Spektroskopia ni elimu ya kutambua kitu kwa kuangalia ni masafa yapi ya mionzi kinayafyonza. Katika eneo la terahetzi, molekuli za gesi hufyonza zinapozunguka, na fuwele hufyonza molekuli zake zinapotikisika kwa pamoja. Kwa hiyo dawa mbili zenye kemikali ileile lakini fuwele tofauti zinaweza kutofautishwa, jambo lenye umuhimu katika viwanda vya dawa. Aidha, mionzi hii hupenya karatasi, plastiki na nguo kavu, huakisiwa na metali, na huzuiwa na maji.

Uhusiano wake na maji ni wa faida na hasara kwa pamoja. Tabaka la maji la milimita 1 huizuia karibu yote, na mvuke wa maji angani huipunguza kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1995, watafiti wa maabara za Bell walionesha picha za terahetzi za jani moja likiwa bichi na baada ya kupoteza maji, na tofauti ilionekana wazi. Hata hivyo, sifa hiyohiyo inazuia matumizi yake katika udongo uliolowa au katikati ya gunia lililojaa. Kwa unyevu wa kahawa, vipima unyevu vya kawaida vinavyotumia tabia ya umeme ya punje bado vinatosha, mradi vihakikiwe ipasavyo.

Jirani yake tayari iko kazini

Wakati vifaa vya terahetzi vingali ghali na vya maabara zaidi kuliko shamba, spektroskopia ya infraredi imekwishafanya kazi katika Afrika Mashariki. Mwaka 2002, Keith Shepherd na Markus Walsh wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto jijini Nairobi walichapisha matokeo yaliyotokana na sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika, wakionesha kuwa mwanga unaoakisiwa na udongo unaweza kukadiria sifa zake kadhaa kwa haraka.

Kwa upande wa afya, mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao walichapisha utafiti ulioonesha kuwa infraredi ya kati, ikisaidiwa na kompyuta, inaweza kubaini mbu aina ya Anopheles arabiensis amenyonya damu ya kiumbe gani. Mbu huyo ndiye msambazaji anayefahamika wa malaria katika mashamba ya mpunga ya Moshi chini.

Kiini cha mafanikio hayo hakikuwa kifaa peke yake. Spektra haisemi yenyewe kwamba udongo una uchachu kiasi gani. Hulinganishwa na sampuli ambazo tayari zimepimwa kwa kemia katika maabara. Udongo wa Kilimanjaro umetokana na volkano, na kihamba cha migomba na kahawa hutofautiana na shamba la tambarare. Kifaa kilicholinganishwa kwa udongo wa nchi nyingine kinaweza kutoa tarakimu nadhifu lakini potofu, na mkulima akanunua mbolea au chokaa asiyoihitaji. Hapo ndipo umuhimu wa taasisi za ndani unapoonekana, ikiwemo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) yenye makao makuu Lyamungu wilayani Hai, na kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga kinachoshughulikia utafiti wa udongo.

Usalama na wajibu wa mwananchi

Masuala ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003. Uhakiki wa mizani inayotumika katika biashara ni jukumu la Wakala wa Vipimo (WMA).

Mwananchi, Chama cha Msingi cha Ushirika au halmashauri inayoletewa kifaa cha kupima kwa mionzi inashauriwa kuuliza maswali manne kabla ya kulipia: Kinatumia mionzi ya aina gani? Kimelinganishwa kwa sampuli za wapi? Matokeo yake yamethibitishwa na maabara ipi? Na kosa lake la kawaida ni kiasi gani? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la pili na la tatu hajakamilisha kazi yake, hata kama kifaa chake ni cha kisasa kiasi gani. Mkulima mwenye shaka awasiliane na afisa ugani wa kata yake kabla ya kubadili mbolea au kuuza mazao kwa kipimo kipya.