Nani Alimuuliza Shaaban Robert?

Ndugu zanguni, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa msibani.

Aliyefariki ni mzee mmoja mwandishi wa vitabu. Jina lake naliweka kapuni, kwani familia yake haijazoea haya mambo ya kuandikwaandikwa. Hakuwa maarufu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaandika riwaya mbili, na leo ukizitaka utazikuta kwenye meza za vitabu vya mitumba barabarani, majalada yamechanika. Nilikutana naye mara moja tu, kwenye harusi. Nilipomwambia kwamba nilisoma kitabu chake nikiwa sekondari, aliniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajalisikia siku nyingi. Akanisimulia kwa dakika kama kumi jinsi alivyokuwa akiandika usiku kwa taa ya chemli, nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi, kwa sababu karatasi zilikuwa adimu. Muziki ukatuzidi kelele. Nikamwambia, "Mzee, nitakuja nyumbani na kinasa sauti tuongee vizuri." Akacheka. "Karibu mwanangu, ila usichelewe."

Nilichelewa. Siku ya kwanza tuliyopanga nilitumwa kwenye mkutano wa mheshimiwa mmoja aliyetuweka saa tatu, kisha akazungumza dakika 12. Siku ya pili mvua. Baada ya hapo ikawa wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka siku nilipopigiwa simu na mtu mwingine.

Sasa nimekaa jamvini chini ya turubai, wazee wanasoma dua, mimi kichwani linazunguka swali moja. Kama huyu ameondoka bila kuulizwa, je, wakubwa wake waliulizwa? Nani alimuuliza Shaaban Robert?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1953 vijana fulani wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Paris walianzisha jarida wakaliita The Paris Review. Toleo la kwanza lilikuwa na mahojiano na mwandishi Mwingereza E. M. Forster. Hawakumuuliza umbea. Walimuuliza kuhusu kazi yake, na tangu hapo maswali ya namna hiyo yakawa ndiyo sifa ya jarida: unaanzaje riwaya, unakwama wapi, unaandika saa ngapi. Mwandishi alipewa hata nafasi ya kuyapitia majibu yake kabla hayajachapishwa. Wakahojiwa Hemingway na wengine wengi, na leo anayetaka kujua vitabu vya karne ile viliandikwaje ana mahali pa kwenda.

Utauliza, faida yake nini? Si kitabu tunacho? Haya, chukua mfano wa Chinua Achebe, ambaye naye alihojiwa na jarida hilo miaka ya 1990. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, na sisi wa Kiswahili tunaijua kama Shujaa Okonkwo. Achebe alisimulia kwamba aliuandika muswada kwa mkono, hana nakala nyingine, akautuma London kwa ofisi ya kupiga chapa aliyoiona kwenye tangazo. Wakamjibu watume fedha. Akatuma. Kimya. Miezi ikapita. Ilibidi mama mmoja wa Kiingereza, mkubwa wake kazini kwenye redio ya Nigeria, alipokwenda likizo, apite ofisini kwao na kuwakalia kooni. Muswada ulikuwa umetupwa pembeni unakula vumbi.

Kitabu kizima cha Achebe ukikisoma mara 20 hutaikuta habari hiyo. Ilibidi aulizwe. Na ukishaijua, unaelewa kwamba fasihi ya Afrika tunayojivunia ilining'inia kwenye uzi mmoja mwembamba.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1962 ilianzishwa London taasisi iliyoitwa Transcription Centre, mkuu wake Dennis Duerden, kazi yake kurekodi vipindi vya redio kuhusu Afrika na sanaa zake. Mmoja wa wahojaji alikuwa Lewis Nkosi wa Afrika Kusini, mwanahabari aliyewahi kuandikia jarida la Drum, mzaliwa wa 1936. Yaani alikuwa kijana wa rika langu! Wakahojiwa Achebe, Soyinka na wenzao, na mwaka 1972 mahojiano mengi yakakusanywa kwenye kitabu, African Writers Talking.

Mwaka huohuo wa 1962, mwezi Juni, waandishi walikusanyika Chuo cha Makerere, Kampala. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Nkosi alikuwepo, hata Langston Hughes wa Marekani alifunga safari. Lakini sikiliza jina la mkutano wenyewe: ulikuwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja wa hapo chuoni aliingia kwa tiketi ya hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Alibeba muswada wa riwaya, akamwomba Achebe ausome. Jina lake wakati huo James Ngugi.

Na Tanga je? Tanga kulikuwa na mzee wa miaka 53, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, karani wa serikali tangu 1926, kwanza idara ya forodha, baadaye idara nyingine. Alikuwa ameandika Kusadikika, Maisha Yangu, Adili na Nduguze, mashairi na insha, na utenzi wa beti zipatazo 3,000 kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa mlango ule wa Makerere hakuwa na sifa ya kuingia. Hakuandika kwa Kiingereza. Na mwezi huohuo wa Juni 1962, akafariki dunia.

Ndugu msomaji, nimeusoma mwaka huo mara nyingi na kila mara unanichoma. Vinasa sauti ndiyo kwanza vimeanza kuwafuata waandishi wa Kiafrika, na mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili anazikwa. Ngugi mwenyewe aliliona hilo baadaye. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, anashangaa kwamba yeye mwanafunzi alistahili kualikwa, Shaaban Robert hakustahili. Inasikitisha zaidi ukijua fedha zilitoka wapi. Mkutano ule na Transcription Centre vyote vilisaidiwa na shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1966 na 1967 ikafichuka kwamba nyuma yake kulikuwa na CIA. Sisemi waandishi wale walikuwa vibaraka. Mazungumzo yao ni hazina na ninayasoma kwa furaha. Nasema tu kwamba anayelipia kinasa sauti ndiye anayeamua kielekezwe kwa nani.

Bahati yetu Shaaban Robert alijihoji mwenyewe. Maisha Yangu ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Halafu kuna barua. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, naye akazitunza. Profesa Mulokozi akazihariri, zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani mwaka 2002. Ukizisoma unamwona karani mwenye familia, mwenye shida kama za kwako na zangu, kalamu iko mkononi. Fikiria kama Yusuf angewashia moto zile karatasi!

Hata hivyo, barua hujibu anachotaka kusema mwandikaji. Swali lina kazi nyingine. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, ikachapishwa 1967, akiwa kaburini miaka mitano. Muswada ule aliuweka wapi miaka yote hiyo? Alikuwa anaandika saa ngapi, alfajiri kabla ya kwenda ofisini au usiku baada ya watoto kulala? Alipochagua nchi za kufikirika, alikuwa anamkwepa mkoloni, au ndivyo alivyopenda hadithi? Mwanahabari mmoja, kinasa sauti kimoja, alasiri moja. Ndiyo tu iliyohitajika.

Msinielewe vibaya, si kwamba baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Ngugi, ambaye mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za choo ndani ya gereza la Kamiti, alihojiwa mpaka karibu na kifo chake Mei 2025. Shafi Adam Shafi, mwandishi wa Kuli na Vuta N'kuvute, aliyefungwa baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972 na baadaye akaandika Haini, amehojiwa kwa Kiswahili safi kuhusu uandishi wake. Mazungumzo yenyewe yamechapishwa kwenye jarida la Swahili Forum. Unajua alimhoji nani? Mtafiti kutoka Ujerumani. Mjerumani amejifunza lugha yangu na kuvuka bahari, mimi nimeshindwa kupanda daladala mbili.

Na Gurnah? Mzaliwa wa Zanzibar, ameandika Uingereza kwa miongo mingi. Oktoba 2021 akapigiwa simu ya Nobel akiwa jikoni, akadhani ni watu wanamtania. Baada ya hapo ndipo vyumba vyetu vya habari vikaanza kuulizana: huyu ni nani, kaandika nini, nani ana namba yake? Paradise ilikuwa imetoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ikaja 2022. Tulisubiri Stockholm ituambie mtoto wetu anaandika.

Nirudi msibani. Siku ya tatu binti wa marehemu alinifuata. "Wewe ndiye yule mwandishi wa habari uliyesema utakuja? Baba alikuwa anakutaja." Akanipa daftari la shule. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri wa kiualimu, mzee alikuwa amepanga mambo ya kuniambia nitakapokuja. Moja, karatasi. Mbili, yule mhariri. Tatu, kwa nini msichana hakufa.

Basi. Mistari mitatu. La karatasi alishanidokeza harusini. La mhariri, binti hana habari. La tatu ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mwisho wa riwaya yake ya kwanza kila msomaji anaamini yule msichana atakufa, halafu anaishi. Darasani tulibishana wiki nzima. Mwenye jibu alikuwa analo, ameliandalia hata namba, ananisubiri.

Kwa hiyo leo sina hoja ndefu. Katika mtaa wako, au kijijini kwenu, yupo mzee au bibi aliyeandika kitabu, au tenzi zake ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Simu yako ina kinasa sauti. Nenda, msalimie, kaa chini, muulize aliandika saa ngapi na kwa taa gani, halafu nyamaza umsikilize. Mimi Jumamosi nakwenda Tanga kwa bibi mmoja mshairi. Mhariri wangu nimeshamwambia: hata mheshimiwa akiitisha mkutano, mimi sipo.