Shelisheli: Tunda lenye jina la visiwa

SHELISHELI ni tunda la mti uitwao mshelisheli, unaoonekana kwa wingi kisiwani Pemba. Huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, likapikwa kwa tui la nazi, likachomwa au kukaangwa. Katika mwezi wa Ramadhani huwa miongoni mwa vyakula vya futari, pamoja na muhogo, ndizi na viazi vitamu.

Jina hilo ndilo pia jina la Kiswahili la nchi jirani ya Shelisheli, katika Bahari ya Hindi. Wafaransa walipovitwaa visiwa hivyo mwaka 1756, walivipa jina la Jean Moreau de Séchelles, waziri wa fedha wa Mfalme Louis XV. Kwa kuwa tunda limepata jina kutokana na visiwa, neno hilo haliwezi kuwa la kale kuliko mwaka huo.

Hata hivyo, asili ya tunda si Shelisheli. Wataalamu wa mimea, wanaouita mti huu Artocarpus altilis, wanaeleza kuwa chimbuko lake ni New Guinea na visiwa vya Pasifiki. Aina isiyo na mbegu huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi, hivyo haikuweza kuenezwa na ndege wala mawimbi. Ilibebwa na watu vyomboni. Jina la Kiswahili, basi, linataja kituo cha njiani, si mwanzo wa safari.

Wenyeji wa Shelisheli wenyewe huliita friyapen, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "tunda la mkate". Artocarpus nalo lina maana hiyo hiyo kwa Kigiriki.

Matunda mengine nayo yana majina yaliyosafiri. Fenesi, ambalo mti wake ni wa jamii moja na mshelisheli, linatokana na neno la Kihindi phanas. Nanasi limeanzia kwa Watupi wa Brazili na kuenezwa na Wareno. Pera kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi.

Katika sarufi, upatanisho huondoa utata: "shelisheli limeiva" ni tunda, na wingi wake ni mashelisheli, "Shelisheli ilipata uhuru mwaka 1976" ni nchi.