Kutoka Bwenini hadi Uwanjani: Historia ya Michezo ya Wanawake katika Chuo Kikuu cha Makerere

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya michezo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Makerere tangu wanawake wa kwanza walipodahiliwa mwaka 1945. Hoja yetu ni kwamba nafasi ya mwanamke uwanjani iliamuliwa kwa kiasi kikubwa nje ya uwanja: kwa idadi ya waliodahiliwa, mahali walipolala, na mashindano waliyoruhusiwa kuingia. Kwa hiyo, uchache wa vikombe vyao haupaswi kusomwa kama uchache wa vipaji.

1.0 Utangulizi

Wandegeya ni mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, jijini Kampala. Jina lake hunasibishwa na ndege aina ya mnana, *endegeya* kwa Kiluganda, waliojaa katika miti ya eneo hilo. Juu ya mtaa huo ndipo ilipoanzishwa shule ya ufundi mwaka 1922, ikiwa na wanafunzi 14, wote wavulana. Kaulimbiu yake ya awali iliwahimiza wawe wanaume. Kaulimbiu hiyo iliachwa baada ya chuo kuanza kupokea wanawake, ikachukuliwa na nyingine isemayo kwamba chuo kinajenga kwa ajili ya mustakabali. Badiliko hilo la maneno lilikuwa jepesi. Badiliko la viwanja lilichukua muda mrefu zaidi.

2.0 Wanawake sita na swali la timu

Mwaka 1945 walidahiliwa wanawake sita, akiwamo Florence Alice Lubega, ambaye baadaye aliingia katika siasa na kuwa mbunge. Tukiitazama idadi hiyo kwa jicho la mwanamichezo, tunaona tatizo papo hapo. Timu ya mpira wa pete huhitaji wachezaji saba uwanjani. Wanawake wote wa Makerere wa mwaka ule wasingetosha kuunda hata timu moja, seuze kupata mpinzani.

Ulimwengu wa nje nao haukuwa na mlango mpana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, mwaka 1928, wanawake walikimbia mita 800. Kisha mbio hizo zikaondolewa kwa madai kwamba zinawachosha kupita kiasi, na hazikurejeshwa hadi Roma mwaka 1960. Hivyo basi, chuo kilichokuwa na uhusiano wa karibu na Uingereza kilirithi mitaala pamoja na mashaka juu ya mwili wa mwanamke.

3.0 Bweni kama msingi wa michezo

Huko Makerere, maisha ya mwanafunzi yalipangwa kwa mabweni, na mashindano ya ndani yakafuata mpangilio huohuo. Bweni la Mary Stuart lilipewa jina la mke wa Askofu Cyril Stuart, mama aliyetetea elimu ya juu ya wasichana. Mabweni ya Africa na Complex nayo yakawa ya wanawake. Wanaume walikuwa na Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall.

Hesabu ndogo itatuonyesha maana ya mgawanyo huu. Mabweni sita yakikutana kila moja na mwenzake mara moja, hupatikana michezo 15, na kila timu hucheza mara tano. Mabweni matatu yakifanya vivyo hivyo, hupatikana michezo mitatu tu, na kila timu hucheza mara mbili. Mwanamke aliyejitahidi sawa na kaka yake alipata chini ya nusu ya nafasi zake za kushindana. Mpangilio huo haukuhitaji mtu yeyote mwenye nia mbaya. Ulitosha wenyewe kuzaa matokeo yasiyo sawa.

4.0 Ongezeko la idadi na umbali mpya

Mwaka 1990 serikali ilianzisha utaratibu wa kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili wa vyuo vikuu vya umma. Katika mwongo huohuo, chuo kilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia ada. Idadi ya wanawake iliongezeka sana, na lile swali la mwaka 1945 la kupata wachezaji saba likaisha.

Hata hivyo, vyumba vya kilimani havikuongezeka kwa kasi hiyo. Wengi walipanga katika hosteli za Wandegeya na Kikoni. Mazoezi hufanyika jioni, baada ya vipindi. Anayelala bwenini hurudi kwa hatua chache. Anayelala mtaani hulifikiria giza la njiani kabla hajavaa viatu vya mazoezi. Kwa mara nyingine, mahali pa kulala pamekuwa sehemu ya historia ya michezo.

5.0 Mlango unapofunguliwa

Riadha ya Uganda inatupatia ushahidi wa kile kinachotokea vizuizi vinapoondolewa. Judith Ayaa alishinda shaba ya mita 400 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Mbio za wanawake za mita 3,000 kuruka viunzi na maji zilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Mashindano ya Dunia, Helsinki mwaka 2005, bingwa alikuwa Dorcus Inzikuru wa Uganda. Mwaka 2021, jijini Tokyo, Peruth Chemutai alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizohizo.

Makerere nayo ina sehemu yake. Peninnah Kabenge, aliyesimamia michezo chuoni hapo, aliingia katika Kamati Tendaji ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Vyuo Vikuu. Septemba 2018 chuo kiliandaa mashindano ya dunia ya mpira wa pete ya vyuo vikuu, na Uganda ikatwaa ubingwa. Kilima ambacho hapo awali hakikuwa na wanawake saba kilikaribisha timu za mataifa.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba historia hii haiwezi kuandikwa kwa orodha ya washindi pekee. Ni lazima isomwe pamoja na takwimu za udahili, ramani za mabweni na ratiba za jioni. Moto ulioteketeza Jengo Kuu la Makerere Septemba 2020 ulitukumbusha kwamba karatasi haziishi milele. Waliocheza kwa ajili ya Mary Stuart na Africa miongo iliyopita wangali miongoni mwetu kama mama na bibi. Tunapendekeza idara za historia na za Kiswahili zishirikiane kurekodi masimulizi yao sasa, wangali na sauti ya kuyatoa.